Kuzeeka na Kukomaa: Albamu ya Kurejea ya Les Mangelepa na Somo Lake kwa Mwambao wa Uvira

1. Utangulizi

Katika mazungumzo kuhusu muziki, mara nyingi husemwa kwamba bendi fulani kongwe "imerejea", na kwamba kazi yake mpya "imekomaa". Maneno hayo mawili hutumiwa kwa wepesi, kana kwamba kila mzee anayeshika tena gitaa amerejea, na kana kwamba kila aliyeota mvi amekomaa. Makala haya yanakusudia kuyafafanua kwa kutumia mfano mmoja hasa, yaani bendi ya Les Mangelepa, iliyoundwa jijini Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki waliotoka Kongo, ambayo mwaka 2017 ilitoa albamu iitwayo Last Band Standing. Jina hilo la Kiingereza laweza kufasiriwa kuwa "bendi ya mwisho iliyobaki imesimama".

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukomavu wa albamu ya kurejea hautokani na umri wa wapigaji wala upya wa mtindo, bali hutokana na badiliko la uhusiano baina ya mwimbaji na maneno anayoyaimba. Maneno yakibaki yaleyale huku msemaji wake amekuwa mtu mwingine, maana nayo hubadilika. Hili ni jambo la muziki, lakini ni jambo la isimu vilevile, na ndiyo sababu linastahili nafasi katika jarida linaloshughulikia Kiswahili. Isitoshe, linawahusu wakazi wa Uvira na mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa wao ni wasikilizaji wa muziki huu na pia wana wakongwe wao ambao hawajapata kurekodiwa ipasavyo.

2. Ufafanuzi wa maneno

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribiana kimaana katika uwanja huu. Kuzeeka ni kupitiwa na miaka, na hakuna sifa wala lawama ndani yake. Kukomaa ni jambo jingine. Mkulima wa bonde la Ruzizi anajua vema kwamba ndizi iliyokomaa si lazima iwe imeiva: imefikia ukubwa wake kamili, imekazana, imejaa, na sasa yaweza kukatwa. Kuiva huja baadaye, na baada ya kuiva huja kuoza. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi ya sanaa imekomaa anadai kwamba imefikia ukamilifu ambao haikuwa nao ilipokuwa changa, na dai hilo linahitaji kuthibitishwa.

Vivyo hivyo kwa kurudi na kurejea. Katika Kiswahili sanifu, kitenzi kurudia kina maana ya kufanya jambo kwa mara nyingine, kama mwanafunzi anavyorudia darasa. Lakini katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kurudia hutumika pia kwa maana ya kurudi mahali ulipotoka; anayekwenda zake nyumbani jioni husema kwamba anarudia. Mkanganyiko huu una faida kwa mada hii, kwa sababu unaliweka swali wazi: bendi kongwe inapoingia tena studio na nyimbo zake za zamani, je, inarudia kwa maana ya Dar es Salaam au kwa maana ya Uvira? Inakariri, au inafika nyumbani?

3. Barabara walizopita wanamuziki

Kabla ya kulijibu swali hilo ni muhimu kukumbuka jinsi bendi za Kikongo zilivyofika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wengi wa kusini na mashariki ya Kongo (iliyoitwa Zaire kuanzia mwaka 1971 hadi 1997) hawakuelekea Kinshasa, ambako ushindani ulikuwa mkubwa na safari ndefu. Walielekea mashariki. Baadhi walipitia Zambia. Wengine walipitia Uganda. Na njia nyingine ilikuwa ziwa lenyewe, kutoka bandari za upande wa Kongo, ikiwamo Kalundu iliyo karibu na Uvira, hadi Kigoma, ambako reli ya kati iliwapokea wasafiri na kuwapeleka Tabora na Dar es Salaam.

Maquis du Zaire ilitoka Lubumbashi ikaweka makao Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Super Mazembe ilipitia Zambia hadi Nairobi. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alijiunga na Orchestra Makassy jijini Dar es Salaam mwaka 1978, kisha akapata umaarufu mkubwa akiwa na Super Matimila. Baba Gaston naye alitokea Lubumbashi, akapitia Dar es Salaam, akafika Nairobi katikati ya miaka ya 1970 pamoja na bendi yake ya Baba National. Ni kutoka katika bendi hiyo kwamba kundi la wanamuziki lilijitenga mwaka 1976 na kuunda Les Mangelepa. Miongoni mwa viongozi wa kundi hilo walikuwamo Bwamy Walumona na Kabila Kabanze, ajulikanaye zaidi kwa jina la Evany.

Kwa hiyo muziki ambao wakazi wa Uvira waliusikia kwenye redio za ng'ambo ya ziwa haukuwa mgeni kwao. Ulikuwa muziki wa jamaa waliohama, ukiwarudia kwa njia ya mawimbi baada ya kuongezewa ladha ya Nairobi na Dar es Salaam.

4. Aina tatu za kurejea

Si kila kurejea kuna sura moja. Kwa ajili ya uchambuzi, ni vema kutenga aina tatu.

Aina ya kwanza ni kurejea kwa rekodi bila wanamuziki. Kampuni hukusanya santuri za zamani, huzisafisha sauti, na kuzitoa upya. Mfano wake ni Giants of East Africa, mkusanyo wa nyimbo za Super Mazembe uliotolewa mwaka 2001, wakati bendi yenyewe ilikuwa imeshasambaratika. Kurejea kwa namna hii kunaweza kuwa na nguvu za ajabu. Wimbo Kassongo, ambao bendi hiyo iliurekodi mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambamo mume anasihiwa arudi nyumbani, ulifufuka nchini Kenya mwaka 2024 pale vijana walipolifanya jina hilo kuwa jina la utani la Rais William Ruto. Maana mpya ilizaliwa. Lakini aliyeizaa ni msikilizaji, si mwimbaji. Rekodi haikomai. Inakaa ilivyo, na dunia ndiyo inayoizunguka.

Aina ya pili ni bendi mpya ya watu wa zamani. Mfano bora ni Shikamoo Jazz, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa msaada wa shirika la kuwasaidia wazee liitwalo HelpAge. Iliwakusanya wanamuziki waliotamba tangu kabla ya uhuru na miaka iliyofuata, akiwamo Salum Zahoro, aliyekuwa kiongozi wa Kiko Kids ya Tabora, mji ulio kwenye reli ileile itokayo Kigoma. Mwaka 1995 bendi hiyo ilikwenda Uingereza pamoja na mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar, Bi Kidude, na albamu yake Chela Chela ikatolewa mwaka huohuo. Msomaji wa Kongo, ambaye salamu yake ya kila siku ni "jambo", anahitaji kufafanuliwa uzito wa jina la bendi hiyo. Nchini Tanzania, "shikamoo" ni salamu ambayo mdogo humpa mkubwa, na asili inayotajwa na wengi ni "nashika miguu yako". Mkubwa hujibu "marahaba". Bendi inayojiita Shikamoo inamtaka msikilizaji aanze kwa kusalimu. Inakataa kupewa nafasi ya vijana waliochelewa, na inadai nafasi ya wazee.

Aina ya tatu ni ngumu kuliko zote: bendi ileile, kwa jina lilelile, inaingia tena studio. Katika muziki wa roki nzito wa Ulaya jambo hili limetokea mara nyingi. Deep Purple ya Uingereza, kwa mfano, ilivunjika mwaka 1976, mwaka uleule Les Mangelepa ilipozaliwa, ikarejea mwaka 1984 na albamu Perfect Strangers. Barani Afrika mfano unaotajwa sana ni Orchestra Baobab ya Senegal, iliyoanza mwaka 1970, ikanyamaza katika miaka ya 1980, ikaungana upya mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikatoa Specialist in All Styles. Inafaa kuzingatia kwamba Baobab ilitanguliwa na kurejea kwa aina ya kwanza: rekodi zake za mwaka 1982 zilitolewa upya ng'ambo, wasikilizaji wakaongezeka, ndipo wenyewe wakaitwa. Last Band Standing ya Les Mangelepa iko katika aina hii ya tatu.

5. Nyimbo zilezile, msemaji mwingine

Miongoni mwa nyimbo zilizoijengea Les Mangelepa jina ni Embakasi, Nyako Konya na Maindusa. Zilipigwa kwa mpangilio uliopendwa sana wakati ule: magitaa yanayosokotana, tarumbeta na saksafoni zikijibu sauti za waimbaji, kisha sebene ya kuchezesha. Namna ya kuuza muziki ilichangia pia kuzipa nyimbo hizo umbo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, na uchezaji upande wa pili. Wasikilizaji wengi walizoea kuigeuza santuri upesi ili kufika kwenye sebene, na maneno yakawa kama mlango wa kupitia tu.

Katikati ya miaka ya 1980 hali ya wanamuziki wa kigeni nchini Kenya ilikuwa ngumu. Vibali vya kazi vilikuwa taabu kupatikana, bendi kadhaa zilivunjika, na nyingine zilihama. Les Mangelepa ilipungukiwa na watu, na miaka ikapita bila albamu mpya ya kutajika. Iliporekodi Last Band Standing chini ya Ketebul Music, taasisi ya Nairobi iliyoongozwa na Tabu Osusa, Evany ndiye aliyekuwa kiongozi, na wengi wa wale wa mwaka 1976 hawakuwamo tena.

Je, nini hubadilika bendi ya namna hii inaporudia nyimbo zake? La kwanza ni sauti. Mwimbaji aliyezidi miaka sitini hana pumzi ya kijana. Noti za juu humgharimu, na mwishoni mwa sentensi sauti hutetemeka kidogo. Bendi isiyokomaa huficha jambo hilo kwa mitambo au kwa kumwachia kijana aige sauti ya zamani. Bendi iliyokomaa hulikubali: huteremsha ufunguo wa wimbo, huacha nafasi baina ya mistari, na huwapa magitaa na tarumbeta kazi ya kubeba kile ambacho koo haliwezi tena kubeba. La pili ni muda. Santuri ya pande mbili imekwisha. Wimbo unaweza kwenda bila kukatwa, na maneno hayaharakishwi ili kupisha sebene.

La tatu ndilo kubwa, na ni la kiisimu. Usemi wowote hupata sehemu ya maana yake kutokana na anayeusema. "Nitakungoja" ya kijana wa miaka ishirini ni ahadi. "Nitakungoja" ya mzee wa miaka sabini ni ushahidi, kwa kuwa msikilizaji anajua kwamba kungoja kwenyewe kumeshafanyika. Embakasi ni jina la eneo la Nairobi uliko uwanja wa ndege. Kwa bendi changa ya wageni, jina hilo lilikuwa alama ya jiji jipya, la safari na za kuagana. Likitamkwa na mtu aliyekaa ugenini miaka arobaini na kuwazika wenzake, jina lilelile linakuwa mahali pa hesabu: waliopita pale, waliorudi, wasiorudi. Hakuna neno lililobadilishwa. Aliyebadilika ni msemaji, na msikilizaji hulazimika kuusikia wimbo upya. Hapo ndipo kurudia kwa maana ya kukariri kunapogeuka kuwa kurudia kwa maana ya kufika nyumbani.

Kutokana na hayo, pana kipimo cha kutenganisha albamu iliyokomaa na iliyozeeka tu. Iliyozeeka hujaribu kumfanya msikilizaji asahau miaka iliyopita, lakini iliyokomaa huiacha miaka hiyo isikike.

6. Lugha kama alama za njia

Upande mwingine wa ukomavu ni lugha. Bendi za Kikongo zilizohamia mashariki zilianza kwa kuimba Kilingala zaidi, ingawa wanamuziki wengi wa Katanga na Kivu walizungumza Kiswahili katika maisha ya kila siku. Kilingala kilikuwa lugha ya heshima katika muziki kwa sababu ya Kinshasa. Nairobi na Dar es Salaam ziliwarudisha kwenye Kiswahili, kwa kuwa wasikilizaji walitaka kuelewa kinachoimbwa. Baadhi walikwenda mbali zaidi: jina Nyako Konya ni la Kijaluo, ambapo nyako ni msichana na konya ni nisaidie. Anayeorodhesha nyimbo za bendi hizi huona humo ramani ya safari zao.

Lakini Kiswahili walichorudishwa kwacho hakikuwa kile cha kwao. Mwenyeji wa mashariki ya Kongo, kwa viwango vinavyotofautiana toka mji hadi mji, husema "batu" mahali pa "watu", "ku soko" mahali pa "sokoni", na "niko nakula" mahali pa "ninakula". Mwimbaji aliyetaka soko la Afrika Mashariki alijifunza kuziacha alama hizo. Remmy Ongala ni mfano wa aliyefaulu sana: mtoto wa Kindu akawa miongoni mwa watunzi waliosikilizwa zaidi Tanzania kwa uzito wa maneno yake kuhusu umaskini na kifo, na albamu zake Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992 zikafika mbali. Katika miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za dini, hadi alipofariki Desemba 2010. Huo nao ulikuwa ukomavu, ila wa kuhama, si wa kurejea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili cha Kongo, kama kinavyosemwa ziwani na milimani, kimeingia kwa uchache katika rekodi hizo. Aliyetoka alikisafisha ili aeleweke, na aliyebaki mara nyingi hakupata studio.

7. Swali kwa mwambao wa Uvira

Hapa ndipo mfano wa Les Mangelepa unapokuwa zaidi ya habari za burudani. Albamu ya mwaka 2017 haikupatikana kwa bahati. Ketebul Music ilikuwa tayari imefanya kazi ya miaka ya kukusanya na kuhifadhi muziki wa Kenya. Mwaka 2008 ilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi iliyounganisha kijitabu, sauti na picha, na mwaka 2010 ikafuata nyingine kuhusu muziki wa Wakikuyu. Kwa maneno mengine, wakongwe waliporejea walikuta nyumba ina mwenyeji. Shikamoo Jazz nayo ilikuta shirika la wazee, na Baobab ilikuta kampuni iliyohifadhi kanda zake.

Mwambao wa kaskazini wa Tanganyika umepita katika mambo yasiyosaidia kuhifadhi chochote. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Uvira na Fizi hadi kambi za Kigoma, kama Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 baadhi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira. Mtu anayekimbia risasi au maji habebi kanda za kaseti. Hubeba watoto, na nyimbo huzibeba kichwani. Kichwa hicho ndicho hifadhi iliyosalia, nacho kina umri.

Kazi inayohitajika haizidi uwezo wa vyuo vya mji huu, ikiwamo Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Uvira. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kumrekodi mzee aliyewahi kupiga katika bendi, kwaya au harusi za mtaa, baada ya kumweleza makusudi na kupata ridhaa yake. Lipo sharti moja la kitaalamu lisilopaswa kuvunjwa: maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Mzee akiimba "batu", iandikwe "batu". Kumsahihisha ili afanane na kitabu cha sarufi ni kumnyang'anya saini yake. Pamoja na maneno hayo yaandikwe jina la mtunzi, mahali wimbo ulipopigwa, na mwaka, hata kama ni kwa kukadiria kwa tukio linalojulikana. Wimbo uleule ukirekodiwa kwa mzee na kwa kijana aliyeurithi, tofauti baina ya kuzeeka, kukomaa na kukariri itaweza kuchunguzwa kwa ushahidi wa hapahapa.

8. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kurejea kwa bendi kongwe kuna aina tatu, na kwamba aina ya tatu, ile ya bendi ileile kurekodi tena, ndiyo inayoweza kuonyesha ukomavu kwa ukamilifu, kwa kuwa msemaji mwenyewe yupo na miaka yake inasikika. Les Mangelepa ilijiita bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Jina hilo ni fahari, lakini pia ni onyo, maana anayejihesabu kuwa wa mwisho ameshawahesabu walioanguka. Mwambao wa Uvira bado una wake waliosimama. Vyuo vyake vina hiari ya kuwasikiliza sasa, au kubaki na masimulizi ya wale waliowasikia.